Mshumaa wa Mzee Zima

Mtaani walimwita Mzee Zima, na jina hilo hawakumpa kwa ubaya. Alikuwa askari wa zimamoto mpaka alipostaafu, ila kilichostaafu ni kiwiliwili tu, mdomo ulibaki kazini. Akipita penye moto usio na mwenyewe, liwe jiko, iwe takataka, hata kipisi cha sigara kilichosahauliwa ukutani, husimama akasema, "Zima." Hafoki wala haelezi. Hutamka neno hilo moja, kisha husimama palepale kama mlingoti mpaka moto uzimwe. Watoto wa jirani walizoea kumtania. Wakimwona tu anakata kona wanaanza wao, "Zima, zima," naye huwapungia mkono. Aliona heri neno liwe mzaha vinywani mwao kuliko lisiwepo kabisa.

Nyumbani kwake hapakuwa na mshumaa. Si kwamba ilikuwa michache. Hapakuwa na hata kipande cha kupakia zipu inayogoma. Enzi watoto wake wanakua, umeme ulikuwa na tabia za mgeni mkorofi, unaingia unapotaka na kuondoka bila kuaga. Ukishaondoka, madirisha ya majirani yaligeuka ya manjano moja baada ya jingine, na nyumba ya Mzee Zima ikabaki nyeusi tititi. Ilikuwepo tochi moja, na betri zake zililindwa kuliko dhahabu: ni ya kwendea msalani, na ya kutafutia dawa mtu akiugua. Aliyelalamika alijibiwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na mjadala ukaishia hapo. Mkewe, mwanamke mcheshi asiyependa magomvi, alijifunza kuwasha jiko mumewe akiwa nje.

Usimcheke haraka. Katika miaka yake ya kazi alizima maghala, alizima malori ya mafuta, na hayo alikuwa akiyasimulia kwa mbwembwe. Iliyomkaa rohoni ni ile mioto midogo ya chumba kimoja: kitanda, pazia, na mshumaa uliosimamishwa juu ya kifuniko cha plastiki na mtu aliyejiambia anafumba macho kidogo tu. Katika chumba kimoja cha namna hiyo aliacha nusu ya sikio lake la kushoto. Nusu iliyobaki ilijikunja kwa juu kama jani lililokauka, na hakupenda mtu aiulizie.

Sasa mfikirie mtu huyo amekaa mezani na mkewe wanakula cha mchana, anaingia kitinda mimba wao, binti ambaye ni mchongaji wa sanamu, anavuta kiti na kusema amepewa nafasi katika jumba la sanaa. Nafasi ya peke yake, ukumbi mzima. Mama akapiga vigelegele. Baba akasema hongera mwanangu, na alimaanisha. Kisha akauliza, kama baba yeyote angeuliza, ni sanamu ya nini.

"Ni mshumaa, baba."

Mzee Zima aliendelea kutafuna taratibu. "Wa kutazamwa au wa kuwashwa?"

"Wa kuwashwa."

Kijiko kikalazwa mezani.

Binti alikuwa amejiandaa, akaeleza yote kwa mkupuo kabla hajakatizwa. Jumba la sanaa halikubali moto wa wazi ukumbini, watu wa bima wamekataa katakata, isipokuwa kwa sharti moja: asimame pale askari wa zimamoto mwenye cheti, tangu mshumaa unawashwa mpaka unazimwa, kila siku ya maonyesho. Kikosi cha zimamoto kimejibu kwamba hakina watu wa kulinda mishumaa. Mkuu wa jumba amempa mpaka mwisho wa wiki kuleta askari. Asipomleta, ukumbi atapewa msanii mwingine anayesubiri. Na mshumaa usipowashwa, akasema, hiyo si kazi tena, ni bonge la nta. Tangu amalize shule alikuwa anaitafuta nafasi hii, na haikuonekana kama itapita mlangoni kwake mara ya pili.

"Nikawaambia ninaye wa kwetu," akamaliza, na hapo sauti ikapungua.

Mzee Zima akauliza watu wa siku hizi wana ugonjwa gani na mishumaa, balbu zote hizi zimejaa mpaka vyooni. Binti akajaribu kumweleza. Zamani wachoraji walikuwa wakiweka mshumaa pichani pembeni ya tajiri ili kumkumbusha kwamba naye anaisha. Leo kuna taa za kila rangi na vioo vinavyowaka vyenyewe, na wasanii wamevitumia vyote hivyo, lakini bado wanarudi kwenye mshumaa. Wapo wanaomfinyanga mtu mzima kwa nta, wakamtia utambi, wakamwasha, na wageni wanakuja siku baada ya siku kutazama anavyoyeyuka. Balbu inakuonyesha kitu tu. Mshumaa unakuonyesha kitu na unakuonyesha kwamba muda unapita.

"Mshumaa ndio taa pekee inayojila yenyewe ili wewe uone," binti alisema.

"Ikishajila yenyewe inakula na nyumba," baba alijibu.

Mkewe akasema mtoto akililia wembe, mpe. Mzee Zima akamwambia huyu hakulilia wembe, huyu amelilia kiwanda kizima. Akainuka, akatoka uani, akasimama akitazama kamba ya nguo.

Angekataa. Watoto wake wengine angewakatalia palepale mezani na chakula kikaendelea. Lakini kwa huyu wa mwisho alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe, na lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Binti huyu alipokuwa bado mdogo, wa kuvalishwa viatu, alimkuta chini ya kitanda anachora kwa mwanga wa kipande cha mshumaa alichopewa na mwenzake wa shule. Hakumchapa. Alikizima, akakitia mfukoni, akamwambia alale. Asubuhi akamshika mkono wakaenda mpaka kwenye nyumba ambayo kikosi chake kilikuwa kimetoka kuizima, akamsimamisha mlangoni mwa chumba. Kuta nyeusi, chuma cha kitanda kimepinda, na kiatu kimoja cha mtoto sakafuni. Hakuna aliyekufa ndani ya nyumba ile. Watu wote walitoka salama. Ila hakumwambia hivyo. Alimwacha atazame kiatu na ajimalizie mwenyewe. Moyoni alijiambia samaki mkunje angali mbichi.

Mtoto hakulia wala hakuuliza kitu. Aliacha kuchora, na alipoanza tena baada ya muda mrefu, alianza kwa kujificha. Toka hapo kila kizuri kilichompata katika sanaa yake alimwambia mama kwanza, na baba akazisikia habari zake zikiwa zimeshapoa. Mzee Zima alijua sababu, au alidhani anaijua. Alikuwa amezima moto mmoja zaidi ya ile aliyotumwa.

Akarudi ndani. "Nitakuja," akasema. "Lakini kwa masharti yangu."

Masharti yake nusura yamtoe machozi mkuu wa jumba, mama mmoja wa miwani mikubwa aliyezoea kunong'ona kazini hata akawa ananong'ona kila mahali. Mapazia yote ya ukumbini yashushwe. Zulia likunjwe, litolewe. Ndoo za mchanga, mtungi wa kuzimia moto, blanketi la kuzimia moto, na njia ya kutokea isiwekewe hata kiti. Mwenye mtandio unaoburuta aufunge au abaki nje. Mwisho akataka mshumaa wenyewe usimame ndani ya maji. Mama wa miwani akamtazama binti, binti akasema hakuna shida, na fundi akaja kutengeneza karai pana la bati, likajazwa maji ya kufika kifundo cha mguu.

Mshumaa ulikuwa tayari umeshawekwa katikati ya ukumbi, umefunikwa shuka kutoka juu mpaka chini. Mzee Zima aliuzunguka mara kadhaa. Mshumaa gani huo, mfupi kuliko mtu na mnene kuliko pipa? Akauliza ni nini hasa. Binti akasema utaona baba. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa amefuatana nao, akamkuta anaikagua dari kana kwamba ndiye aliyeijenga.

Hilo lilipaswa kumshtua, lakini hakushtuka. Wala hakuunganisha na jambo lingine, kwamba siku za nyuma alizinduka kutoka usingizi wa mchana akamkuta mkewe anamzungushia tepu ya kupimia nguo kichwani. Alipomuuliza, mkewe alisema anataka kumfumia kofia. Mzee Zima aliguswa sana. Hakuna aliyewahi kumfumia kitu. Baridi ikaja, baridi ikapita, kofia haikuonekana, naye akaona haya kuiulizia.

Ufunguzi ulifanyika alasiri. Mzee Zima alivaa sare yake ya zamani ambayo mkewe aliinyoosha mpaka ikasimama yenyewe, na vifungo vya tumboni vikakubali kufungwa baada ya mazungumzo marefu. Akasimama kando ya karai, blanketi begani, mtungi miguuni, akiwatazama wageni wanaoingia kwa jicho la mtu anayewahesabia njia ya kutokea. Madirisha ya mbao yakafungwa, ukumbi ukaingia giza la wastani. Binti akasema maneno machache ambayo hakuyasikia vizuri kwa sababu alikuwa anamwangalia bwana mmoja aliyevaa skafu. Shuka ikavutwa.

Watu wakatazama sanamu. Kisha, wote kwa pamoja, wakamtazama Mzee Zima.

Alikuwa ni yeye. Mzee wa nta, rangi ya maziwa yaliyolala, ameketi juu ya stuli, mikono magotini, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Pua ilikuwa yake, na kovu la kidevuni lilikuwa lake. Sikio la kushoto lilikuwa limejikunja kwa juu, limefanywa kwa uangalifu uliomuumiza kulitazama. Na utosini, pale nywele zilipomtoka miaka mingi iliyopita, ulichomoza utambi mweupe.

Kumbe kofia ndiyo hii, akawaza. Akamtafuta mkewe kwa macho, mkewe akawa anatafuta kitu muhimu ndani ya mkoba.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika, maana hasira humpa mtu nguvu ya kusimama. Alijiambia, haya, jibu limefika. Ulimpeleka mtoto akaone chumba kilichoungua, naye amekua, amekuleta uje ujione unavyoungua, tena mbele za watu. Akaona ana haki. Akaona pia kwamba kazi aliyoitiwa ni kusimama, na atasimama hata kama ni mpaka magoti ya nta yaishe na yake yabaki.

Binti akapanda kijingazi, akawasha kiberiti, akaugusa utambi. Moto ukasita, ukatafuta, ukapata. Watu wakapiga makofi ya upole. Mwanga ukateremka usoni mwa yule mzee wa nta, uso ukawa kama unapumua. Mzee Zima alisimama wima. Aliuangalia ule moto kama alivyoangalia mioto yote maishani mwake, akisubiri ufanye kosa.

Tone la kwanza la nta likajaa utosini, likafurika, likateremka kwenye paji, likakata kushoto. Likafika kwenye sikio.

Alichokifanya hakukiamua yeye, kiliamuliwa na mikono. Sikio lake mwenyewe, lile halisi, liliwaka moto ule wa zamani, na kabla akili haijafunga viatu mwili ulikuwa umeshaondoka. Aliingia karaini na viatu vyake, akafunua blanketi, akalitupa juu ya kichwa cha yule mzee na kumkumbatia kwa nguvu zote.

"Zima," akasema.

Moshi mwembamba ukapenya pembeni mwa blanketi. Mzee Zima alikuwa amesimama ndani ya maji, amejikumbatia mwenyewe, na watu wote wa maana wa mji wanamtazama. Kitu kidogo kikadondoka majini, chubwi. Yule bwana wa skafu akaanza kupiga makofi akidhani ndivyo ilivyopangwa, mwanamke aliyekuja naye akamkanyaga mguu.

Mzee Zima akamwachia mzee mwenzake taratibu, akaomba radhi kwa sauti isiyotoka vizuri, akapita katikati ya wageni huku viatu vikilia maji. Akaingia chumba cha nyuma walikoweka masanduku matupu ya kusafirishia picha, akakaa juu ya sanduku moja. Alijua amemharibia mtoto. Nafasi aliyoitafuta tangu amalize shule, yeye ameizima kwa blanketi. Alikaa akiyatazama maji yanayomtoka viatuni, na aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, hata siku aliyorudi kazini na nusu sikio.

Binti akaingia, akafunga mlango. Mkononi alishika kitu kidogo cha nta, kimelowa.

"Nimekuharibia," baba akasema.

"Umenivunjia sikio tu," binti akasema. "Wageni wanakunywa juisi. Hawana haraka, ni ya bure."

Baba hakucheka. Alikuwa ameshaanza kusema, na mtu aliyekaa na mwiba miaka mingi akishafungua mdomo hasubiri. Alisema anajua kwa nini amemchonga ili amchome. Anastahili, na hakuja kujitetea. Ila kuna jambo moja inabidi alijue, kwamba katika nyumba ile hakufa mtu. Kile kiatu kilikuwa kiatu tu, mwenyewe alitoka akiwa hai, amebebwa na mama yake. Alimwacha aamini vingine makusudi, akamwona anavyonyamaza, na hakusahihisha. Hakusahihisha kesho yake, wala mwaka uliofuata, na kadiri siku zilivyopita ndivyo alivyozidi kushindwa aanzie wapi.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa juu ya sanduku pembeni yake.

"Nilijua, baba."

"Ulijua nini?"

"Yule mtoto mwenye kiatu tulikuwa tunasoma naye. Alikuja shule wiki ileile na viatu vipya, akaturingishia darasa zima. Alisema nyumba yao ikiungua tena ataomba vyekundu."

Mzee Zima alimtazama. Miaka yote hiyo alikuwa amelibeba jeneza, na ndani yake hamkuwa na mtu. Lilikuwa na kiatu, na mwenye kiatu alikuwa anatamba shuleni. Kitu kikamwachia kifuani, taratibu, kama mkanda unapolegezwa baada ya safari ndefu. Akaguna, na mguno ukageuka kicheko, na kicheko kikamtoa machozi ambayo hakujisumbua kuyafuta.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nimekununia," binti akasema. "Sikatai. Nilikununia kwa lile mpaka nikamaliza shule, na hata baadaye nikisikia unasema kinga ni bora kuliko tiba nilikuwa nataka kutupa sahani. Lakini mtu hamchongi baba yake kwa ajili ya kununa, baba. Nta ni nzito. Mgongo unaniuma mpaka leo." Akageuza lile sikio kiganjani. "Umeitazama sanamu vizuri? Stuli umeiona?"

Hakuwa ameiona. Mtu akionyeshwa kichwa chake mwenyewe hatazami alichokalia.

"Ina mguu mmoja uliofungwa waya," binti akasema.

Stuli hiyo Mzee Zima aliijua. Aliufunga waya ule kwa mkono wake. Ilikuwa ikikaa koridoni, nje ya chumba cha watoto, na umeme ukikatika aliivuta mpaka mlangoni, akaketi gizani, mikono magotini. Watoto waliogopa giza, na giza alikuwa amewaletea yeye. Aliona angalau akae nalo pamoja nao. Hakuwa na hadithi za kuwasimulia wala hakujua kuimba. Alikaa tu.

"Tulikuwa tunaita, 'Baba, upo?' Unasema, 'Nipo.' Tunanyamaza kidogo, tunaita tena. Hukuchoka hata siku moja. Wenzangu kwao walikuwa na mshumaa, na mshumaa ulikuwa unazimwa watu wakienda kulala. Sisi wa kwetu ulikuwa unabaki mlangoni mpaka asubuhi." Binti akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sasa wameniomba nifanye kazi kuhusu mwanga. Ulitaka nichonge nini, tochi?"

Mzee Zima akamshika binti yake mkono ule wenye sikio. Wakakaa hivyo. Alikuwa na furaha, na ilimwogopesha kidogo kwa sababu hakuizoea.

"Na nikishayeyuka?" akauliza baadaye.

"Nitakuchonga tena. Vipimo anavyo mama."

Mlango ukafunguka, na mwenye vipimo akaingiza kichwa. Akasema yule mama wa miwani ameanza kuzungumza kwa sauti kubwa, maana yake mambo ni mabaya, na kama wamemaliza kulia waje. Alipoona sikio akasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini la nta labda litasikia. Mumewe akamuuliza kofia yake iko wapi. Mkewe akasema sufu anayo, kilichokosekana ni kichwa kinachotulia.

Wakarudi ukumbini wote watatu. Wageni wakapisha njia, glasi mikononi. Mama wa miwani akaja haraka, akauliza kama onyesho lifungwe kwa leo, na akakumbusha kwa adabu kwamba sharti la askari bado lipo palepale. Mzee Zima akamwambia askari yupo, alikwenda kukamua soksi.

Kisha akamnyooshea binti yake kiganja. "Kiberiti."

Mkewe aliinua macho. Katika maisha yao yote hakuwahi kumwona mumewe akiwasha njiti.

Na kweli hakujua kuwasha. Njiti ya kwanza aliikaba kama nyundo, ikavunjika. Ya pili ikavunjika vilevile, na ya tatu aliiwasha vizuri ila akaipuliza mwenyewe, kwa mazoea. Mtu akacheka nyuma, naye akacheka pia, akasema watu wa nyuma wakae kimya, kazi ya kuwasha ina wenyewe. Iliyofuata ikashika. Akapanda kijingazi, akiilinda kwa kiganja chake kikubwa, akaugusa utambi uliotoka kwenye upara wake, akasubiri mpaka moto ulipojua njia.

Binti akapasha kisu kidogo kwenye mwali huo, akaulainisha ukingo pale palipovunjika. Baba akashika sikio lake kwa vidole viwili na kulisogeza mahali pake, akalibonyeza mpaka likaganda. Halikukaa sawasawa, liliinama mbele kidogo kuliko lilivyokuwa. Binti akalitazama, akasema sasa ndiyo umefanana zaidi, kisha akaenda nyuma ya wageni.

Mzee Zima akateremka, akarudi kwenye nafasi yake kando ya karai, blanketi begani. Tone la nta likajaa, likafurika, likateremka kwenye paji, likapita juu ya sikio na kudondoka majini, ambako liligeuka kidude kidogo cha mviringo, kikaelea. Mkono wake ulishtuka. Akaushika kwa mkono wa pili, akautuliza.

Ukumbi ulikuwa umetulia. Wageni walikuwa wamejipanga ukutani, nyuso zao zimepata ile rangi ya manjano ambayo zamani alikuwa akiiona kwenye madirisha ya jirani. Yule mzee wa nta alikuwa ameketi katikati, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Na kutoka nyuma kabisa ya watu, mahali ambapo mwanga haukufika, sauti ya kike ikaita, si kwa nguvu, kama mtu aliyeshajifunika shuka.

"Baba, upo?"

Mzee Zima hakugeuka. Macho yake hayakuondoka kwenye moto.

"Nipo," akasema.